Java au Python kwa mizani za mtandao: nihifadhi IP au jina la hosti?

Sangara2: Wakuu, heshima kwenu. Kuna kazi ya kuunganisha mizani za kidijitali za ghala la samaki hapa Kirumba na seva ya ofisini. Programu itauliza kila mizani uzito na kuandika kwenye hifadhidata. Nitumie lugha ya Java na `InetAddress`, au Python na `ipaddress` (zana zao za kushughulikia anwani za mtandao)? Na kwenye jedwali niweke anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) au jina? Mteja anataka jibu Ijumaa.

fundi_nyegezi: Mkuu, yote ya maana umeyaacha. Mizani ngapi? Zote ziko mtandao mmoja? Ruta inagawa anwani kwa DHCP (yenyewe, na zinaweza kubadilika) au umezifunga? DNS ya ndani (ya kugeuza jina kuwa IP) ipo? Bila hayo utapewa ushabiki tu.

igoma_koda: Python, usihangaike. `ipaddress` imo ndani tangu toleo la 3.3. Unaandika `ip_address(x) in ip_network("192.168.20.0/24")`, umeshajua kama mizani ni ya mtandao wako. Java utahesabu biti mwenyewe, na baiti zake zina alama: 192 inatoka -64 mpaka uweke `& 0xFF`. Angalizo: `ip_network("192.168.20.5/24")` inagoma kwa `ValueError` kwa kuwa biti za hosti si sifuri. Tumia `ip_interface`.

jiwe_la_bismarck: Kaka, hivyo havilingani. `ipaddress` haijui DNS kabisa, ni hesabu za anwani tu. Jina utalitafuta kwa `socket.getaddrinfo`. `InetAddress` inabeba jina na anwani kwenye objekti moja. Huiundi kwa `new`, unaiomba kwa `getByName` au `getAllByName`, unarudishiwa `Inet4Address` au `Inet6Address`. Ukiipa "192.168.20.5" inakagua umbo tu, DNS haiguswi. Ukiipa "mizani03" ndipo inauliza, na ikikosa inatupa `UnknownHostException`, ambayo kompaila haikuruhusu kuipuuza. Python itakuacha ulale hadi programu idondoke saa nane usiku.

igoma_koda: Idondoke kwa sababu hukuweka `try`. Hilo si kosa la lugha.

Sangara2: Samahani wakuu. Mizani 14: tisa Kirumba, tano Nansio kule kisiwani Ukerewe. Ruta inagawa kwa DHCP. DNS ya ndani hakuna.

fundi_nyegezi: Nansio ndiyo ungeitaja kwanza! Kabla hujachagua lugha, sikia kilichotokea kwenye mfumo mmoja wa vipima joto vya vyumba vya baridi. Ulikuwa wa Java ya zamani, Security Manager (ulinzi wa ndani wa Java, uliozimwa kabisa toleo la 24) imewashwa, ruta yenyewe ndiyo inajibu majina. Katika hali hiyo JVM (injini inayoendesha Java) ilikuwa ikishapata IP ya jina inaishika milele kwenye kache, yaani kumbukumbu yake. Umeme ukakatika, ruta ikawaka ikiwa imesahau nani alikuwa na anwani gani, ikagawa upya. Chumba cha 2 kikapata anwani iliyokuwa ya chumba cha 5. Hakuna kosa lililoandikwa popote: programu iliendelea kusoma joto vizuri kabisa, ila la chumba kingine. Mafundi wakabadilisha vihisi, wakabadilisha kebo. Kilichowachanganya ni `ping`, amri ya kujaribu kama kifaa kinajibu: ilionyesha IP sahihi, maana haipiti kwenye kache ya JVM.

Bila Security Manager kache ni sekunde 30. Ukitaka kubadilisha, `networkaddress.cache.ttl` ni propati ya usalama: iwekwe kwenye faili la `java.security` au kwa `Security.setProperty` kabla ya utafutaji wa kwanza. Kuipitisha kwa `-D` hakufanyi kitu. Na hata hiyo haikusaidii ukihifadhi `InetAddress` kwenye `static final`, kwa sababu objekti ikishaundwa haibadiliki. Hifadhi jina, tafuta upya kila unapofungua soketi, na isome namba ya utambulisho (serial) ya mizani kabla ya kuandika uzito.

dagaa_net: Ugonjwa hapo ni DHCP. Zifunge anwani kwa MAC (namba ya kifaa chenyewe) kwenye ruta, jina libaki la kusomwa na binadamu. Usidanganywe na majina ya `.local` pia: hayo yanatafutwa kwa multikasti (ujumbe kwa vifaa vingi kwa pamoja) 224.0.0.251, poti 5353, ambayo haivuki ruta. Nansio hutaiona. Na `isReachable` ya Java, ya kuuliza kama kifaa kipo, iache. Bila ruhusa ya ICMP (ujumbe unaotumiwa na `ping`) inajaribu TCP poti 7. Mizani ikitupa pakiti hizo kimyakimya utaambiwa haipo ilhali ipo. Fungua soketi ya poti yake halisi, taimu-auti sekunde 2.

Sangara2: Nansio ni modemu ya laini ya simu. Inaonyesha IP inayoanza na 100.72.

jiwe_la_bismarck: Hiyo ni ya 100.64.0.0/10, kampuni ya simu inawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kirumba haiwezi kuipigia Nansio. Geuza mwelekeo: kompyuta ndogo ya Nansio ndiyo ianzishe muunganisho kuja kwako. `isSiteLocalAddress` ya Java (je, anwani ni ya ndani?) itakwambia `false`, usije ukadhani ni ya umma.

igoma_koda: Python inasema `is_private` (ya ndani) ni `False` na `is_global` (ya umma) ni `False`. Angalau haikudanganyi.

jiwe_la_bismarck: Kukwambia si hiki wala si kile nako ni jibu?

dagaa_net: Nunueni UPS (betri ya akiba) ya volti 12 ya ruta, nusu ya mjadala huu inaisha.

fundi_nyegezi: Sangara2, mizani zenyewe zina mlango wa mtandao, au ni RS-232 (waya wa data usio wa mtandao) kupitia kibadilishaji?

Sangara2: Kibadilishaji. Kimoja kina milango minne.

fundi_nyegezi: Basi huna hosti 14, mkuu. Mizani nne zinashiriki IP moja, zinatofautiana kwa poti. Leta modeli ya kibadilishaji tuanze upya.