Wajukuu wa Bi Mkubwa: dari linazunguka

Jumamosi, saa 08:47

Shangazi Asha: Assalaam alaykum. Bi Mkubwa kaamka na kizunguzungu tena. Leo siku ya tatu. Kaenda chooni kwa kushika ukuta, akatapika mara moja.

Ami Juma: Wa alaykum salaam. Presha hiyo imeshuka. Mpe maji ya chumvi, na ile dawa yake ya presha leo aiache.

Rukia: Au malaria? Hata mimi jana alasiri niliinuka tu kwenye mkeka macho yakaingia giza. Nafunga zile sita za baada ya Ramadhani.

Khamis: Jamani niombeeni dua mimi. Boti ndiyo imeingia mkondo wa Nungwi, na kusi leo halina huruma. Mfuko wa pili huu.

Ami Juma: Mtoto wa mvuvi unatapika 😂

Maryam: Shikamoo shangazi, shikamoo ami. Nimetoka zamu sasa hivi. Ami, nisamehe sana, chumvi asipewe na dawa asikatishwe mpaka apimwe. Shangazi, muulize hivi kwa maneno yake mwenyewe: anahisi anataka kuzimia, au nyumba ndiyo inayozunguka?

Shangazi Asha: Anasema dari linakwenda kama feni. Kuzimia hapana. Nguvu anazo, hapa ananigombeza uji umekuwa mwepesi.

Maryam: Linaanza akifanya nini? Na linachukua muda gani?

Shangazi Asha: Akijigeuza kitandani upande wa kulia. Na jana alipoinua kichwa kutoa sufuria juu ya kabati. Muda anasema ni kama kusoma Kul huwallahu mara tatu nne, kisha linatulia lenyewe.

Maryam: Hapo kanipa jibu zuri kuliko wagonjwa wangu wote wa juma hili. Sasa mtazame usoni. Mdomo haujapinda? Ulimi si mzito? Mkono au mguu haujalegea? Haoni vitu viwili viwili, kichwa hakikumuuma ghafla kwa nguvu? Likitulia anatembea sawa?

Shangazi Asha: Yote hapana, alhamdulillah. Kutembea anatembea.

Maryam: Lingekuwepo moja tu kati ya hayo ningekwambia acheni simu, muiteni mwenye gari. Hiyo ingeweza kuwa kiharusi.

Ami Juma: Na presha je? Mashine ninayo, niko mlangoni kwao.

Maryam: Vizuri ami. Mpime amelala, umeshatulia mwili. Kisha asimame mkimshika, mpime tena kabla dakika 3 hazijapita. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, una haki.

Ami Juma: Amelala 142 kwa 84. Amesimama 136 kwa 82.

Rukia: Ami kakosa 😂

Ami Juma: Mashine ya zamani hii.

Maryam: Basi si presha ya kushuka. Tatizo letu neno ni moja, kizunguzungu, tunalitia kila kitu. Rukia, chako ndicho kile anachokisema ami: ukiinuka kwa haraka damu inachelewa kufika kichwani, hasa kwenye joto na mwili hauna maji. Kwenye daku kunywa maji ya kutosha, na ukiinuka kaa kwanza kidogo. Kikijirudia baada ya kumaliza funga njoo nikupime wingi wa damu. Ukiona unaelekea kuanguka, futuru, siku utailipa.

Khamis: Na mimi daktari?

Maryam: Wewe umelewa bahari. Wazee walikupa jina lako kabisa, hukihitaji kizunguzungu. Sikio la ndani linaambia ubongo tunapanda, tunashuka. Macho yamo kwenye simu, yanasema tumekaa. Ubongo hauelewi umwamini nani, tumbo ndilo linalolipa. Weka simu, nenda katikati ya boti, tazama mbali pale mbingu inapokutana na maji. Kidonge kilitakiwa ukinywe kabla ya kupanda.

Ami Juma: Mbona nahodha halewi?

Maryam: Kazoea, na wimbi analiona kabla halijamfikia. Ndiyo maana hata dereva wa gari halewi, anayelewa ni aliyekaa nyuma.

Khamis: Naweka simu

Shangazi Asha: Turudi kwa Bi Mkubwa. Ana nini?

Maryam: Nadhani ni vijiwe vya sikio. Sikioni ndani kuna mirija mitatu myembamba iliyopinda, imejaa maji. Jirani yake kuna vijiwe vidogo sana vya chokaa, chokaa ile ile ya ganda la yai, vinavyotusaidia kujua juu wapi na chini wapi. Umri ukienda, au mtu akigonga kichwa, vingine vinachomoka vinaingia mrijani. Ukijigeuza vinabingirika, vinasukuma maji, ubongo unadhani unazungushwa. Vikitua, dari linasimama. Ndizo hizo Kul huwallahu zake tatu.

Ami Juma: Dawa yake ipi, nipite dukani?

Maryam: Kidonge kinapunguza kichefuchefu tu, kijiwe hakikirudishi. Kuna namna ya kumlaza na kumgeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka vijiwe vitoke mrijani. Daktari mmoja wa Portland, Marekani, John Epley, aliichapisha 1992. Haichukui hata robo saa.

Ami Juma: Nimeshaiona YouTube. Namfanyia sasa hivi.

Maryam: Ami, tafadhali usimguse!! Kwanza ijulikane ni sikio gani. Daktari anamlaza kichwa kimegeuzwa, anatazama macho, mboni zinacheza zenyewe na ndizo zinazomwonesha. Na shingo ya Bi Mkubwa unaijua. Mleteni kwa daktari wa masikio, mie nitakuwepo. Dawa yake ya presha anywe kama kawaida.

Saa 16:32

Shangazi Asha: Tumerudi. Ni sikio la kulia. Bi Mkubwa anasema niandike hivi hivi: "Nimelazwa, nikageuzwa kama chapati, dari likazunguka mpaka nikatoa shahada. Kisha nikakaa, likatulia."

Maryam: Alhamdulillah. Siku mbili tatu anaweza kuyumba kidogo, asipande kiti kutafuta sufuria. Likirudi tutamgeuza tena, huwa linarudi kwa baadhi ya watu.

Khamis: Nimefika Mkoani, Pemba, zamani, nimekula, nimelala. Lakini kitanda bado kinapanda na kushuka. Na mimi nina vijiwe?

Maryam: Huna. Mwili wako bado umo botini. Kesho utakuwa umeshuka.

Shangazi Asha: Bi Mkubwa anasema ainuke atembee. Na asisahau karafuu zake, kilo mbili, zilizokauka vizuri.

Khamis: Kurudi napanda ndege.