Huyu mtu wa Probox ya kuku ATENGENEZE TAA ZA BREKI au aiegeshe!!

Mwalimu_Kiboswa:

Nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Probox nyeupe, keria imejaa vizimba vya kuku, bumpa ya nyuma imefungwa kwa kamba ya katani. Sitamtaja jina. Hakuna haja, huyo anajulikana kuanzia Chavakali hadi Kondele.

Jioni hii nimemfuata kwenye mteremko wa Riat tukishuka Mamboleo. Mvua inanyesha. Nimemwachia nafasi, sikumbandika. Taa zake za usiku zinawaka vizuri. Mara naona Probox inakuwa kubwa. Inazidi kuwa kubwa. Kushoto hakuna kilichowaka, kulia hakuna, ile ya juu kwenye kioo hakuna. Kumbe jamaa amekanyaga breki ng'ombe wavuke! Nilikanyaga yangu mpaka nikadhani mguu utatoboa sakafu uguse lami. Vitz ikaserereka. Mama mkwe wangu huko nyuma akaita mababu wote, hadi wale ambao ukoo ulikuwa umeshawasahau. Tuliposimama kuku walikuwa wananitazama machoni.

Nikashuka. Kwa adabu, jameni. Nikamwambia, "Mzee, habari ya jioni. Taa zako za breki haziwaki hata moja." Mnajua alinijibu nini? Hata kugeuza shingo hakugeuza:

"Mama, breki ni yangu. Wewe unataka kujua nikikanyaga ya nini?"

NATAKA KUJUA YA NINI! Niko nyuma yako! Mvua! Mteremko! Mkwe wangu amekalia trei ya mayai ambayo sasa ni chai ya mayai! Ya nini!

Kisha akawasha gari akaenda. Na pale kwenye tuta la Mamboleo akafunga breki tena, giza tupu nyuma. Breki ni yake! Mtu mzima, mvi kichwani, anasema breki ni yake!

OtongloFinest:
Madam pole. Lakini "breki ni yangu" hiyo inaenda kwenye fulana.

Mzee_wa_Maseno:
Wewe mwalimu ulikuwa unafukuzia nini? Ungemwachia nafasi ya kutosha hata angekuwa hana taa kabisa ungesimama.

Mwalimu_Kiboswa:
@Mzee_wa_Maseno nimeandika nilimwachia nafasi. Soma. Na hata ukiacha uwanja mzima wa mpira, utajuaje anasimama kama hakuonyeshi? Gari ikienda kilomita 80 kwa saa inameza zaidi ya mita 20 kila sekunde. Wewe unakaa hapo unajiuliza "anasimama au hasimami?", mita zinaisha. Halafu ukishuka unaambiwa unataka kujua ya nini!

FundiNyaya:
Hebu nisaidie kidogo. Taa za usiku kuwaka hakumaanishi kitu. Kwa magari mengi ya balbu za kawaida, balbu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani: ya wati 5 ya usiku na ya wati 21 ya breki. Moja ikikatika nyingine inaendelea, na mwenye gari anajiona yuko sawa. Ikizimika taa ya upande mmoja, shuku balbu au arthi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) iliyoshika kutu. Zikizimika zote tatu pamoja kama za huyo mzee, acha balbu kwanza. Angalia fyuzi, halafu ile swichi ndogo iliyo juu ya pedali. Swichi yenyewe si kitu cha kukuuzisha mbuzi.

Kamau_Section58:
Mimi niko Nakuru na huwa najikagua peke yangu. Usiku narudisha gari nyuma karibu na ukuta, nakanyaga, natazama kwenye kioo kama ukuta umewaka mwekundu. Mchana nachukua fimbo, ncha moja kwenye pedali na nyingine kwenye kiti, naenda nyuma kuangalia.

AchaKelele:
Fimbo ya nini na askari wa geti yupo? Mwambie asimame nyuma, ukanyage, aseme.

Kamau_Section58:
Askari wetu husema "ziko sawa" hata kabla sijakanyaga.

FundiNyaya:
Na jambo lingine. Hiyo Probox ni ya gia za mkono au otomatiki? Kwa otomatiki nyingi, ishara ya ile swichi ya breki ikikosekana, gia inakataa kutoka P, ile ya kuegesha. Inabidi ubonyeze kile kitufe kidogo karibu na gia ndiyo itoke.

Mwalimu_Kiboswa:
OTOMATIKI. Niliiona gia kwa macho yangu nikiwa nimesimama dirishani. Kwa hivyo kila asubuhi huenda anabonyeza kitufe, gari inamwambia wewe mzee una shida, naye anaiambia breki ni yangu! ANAJUA! Na bado ananiuliza nataka kujua ya nini!

FundiNyaya:
Sijasema lazima ni hivyo madam, inaweza kuwa waya umekatika mbele ya hapo.

Mwalimu_Kiboswa:
Anajua.

TuktukSiGari:
Taa za breki mnalilia, na tuktuk za Kondele? Hazina taa, hazina vioo, na zinageuka palepale zilipo. Mguu wa dereva ukitoka nje ndiyo indiketa.

Nyar_Ahero:
Usitukane tuktuk, baba yangu anaendesha moja na ina taa zote. Semeni bodaboda. Nyuma giza, mbele amefunga taa kali nyeupe inayokuchoma hadi kisogo. Barabara ya Ahero usiku unafumba jicho moja ukiombea la pili.

SalgaaSurvivor:
Nyinyi hamjakutana na malori. Njooni hapa Salgaa muone trela: kichwa kina taa, mkia hauna, kwa sababu plagi ya nyaya za nyuma imening'inia tu haijachomekwa. Ukikaa nyuma yake ni wewe na Mungu.

OtongloFinest:
Watu wa Nakuru kila kitu lazima chenu kiwe kibaya zaidi.

SalgaaSurvivor:
Ni kweli lakini.

Mwalimu_Kiboswa:
Jameni turudi kwa huyu mtu wa kuku. Nani anamfahamu mkewe? Aambiwe.

Mzee_wa_Maseno:
Mimi shida yangu ni wale ambao taa za breki zinawaka muda wote. Unamfuata mtu kutoka Kisian hadi Luanda, nyekundu tu, hujui lini anasimama kweli.

FundiNyaya:
Hiyo mara nyingi ni kile kiraba kidogo cha pedali kimemeguka, swichi haibonyezwi tena. Kinauzwa peke yake.

Nyar_Ahero:
Na wanaowasha hazadi, indiketa zote kwa pamoja, mvua ikinyesha huku wanaendelea kukimbia? Akitaka kuingia kulia utajuaje, na zote zinamweka?

Kamau_Section58:
HAPO SASA. Hao ndio wabaya kuliko wote.

AchaKelele:
Wanakuokoa usiwagonge kwenye mvua, wewe unalalamika.

Nyar_Ahero:
Wananiokoa? Juzi mmoja amenikatia mbele pale Awasi zote zikimweka!

Mwalimu_Kiboswa:
Dada, fungua uzi wako.

Nyar_Ahero:
Nimeshafungua. Njooni huko.