Mrejesho: pawasaplai inayozima kompyuta gemu likianza

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini kompyuta inajizima gemu likianza wakati pawasaplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) ikipimwa inasoma 12.1V. Kumbe kipimo kile kilikuwa bila mzigo, yaani bila kitu kinachovuta umeme. Nimeunganisha waya wa kijani na mweusi wa pawasaplai iwake bila kompyuta, kisha nikafunga balbu 4 za taa za gari, 12V 55W, za Kariakoo. Washa moja moja: balbu ikiwa baridi huvuta umeme mwingi mno na kinga ya pawasaplai inakata. Balbu zote zikivuta 17.5A, pawasaplai imeshuka hadi 11.2V, na kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni 11.4V. Imetoa wati 196 huku ukutani ikivuta 285, yaani ufanisi 69% tu. Naibadilisha. Msiifungue ovyo, kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi umeme ndani yake) hubaki na takribani 320V hata baada ya kuchomoa.