MJADALA: Dini ya mgombea yakuhusu nini wewe mpiga kura?

Mwalimu, Wete

Assalamu alaykum jamaa. Juzi barazani, baada ya Isha, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema neno lililonikaa kooni mpaka leo: "Asiyesujudu, kura yangu hapati." Wenziwe wakaitikia. Mie nikanywa kahawa yangu nikanyamaza. Nnajua mambo ya baraza: ukimpinga mzee usiku, asubuhi mtaa mzima unakuuliza umekuwaje.

Leo naandika. Uchaguzi mkuu ukifika sisi Wazanzibari twapewa karatasi tano: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi, Diwani, Rais wa Muungano, Mbunge. Kwa huku Pemba, nne kati ya hizo suala la dini halina kazi. Wote Waislamu, wote wana kofia za viua, wote wanaijua Yasini. Kumchagua mmoja wao kwa dini ni sawa na kuchagua embe kwa kuwa ina kokwa.

Basi suala linageuka, tunauliza kaishika vipi hiyo dini. Hapo ndipo wagombea wanapotupatia. Msikiti wa karibu na kwetu, uchaguzi mmoja wa nyuma, mgombea alileta mazulia. Ijumaa ile naikumbuka: mekundu, mistari ya dhahabu, yananuka gundi, na pembeni mwa mihrabu zulia moja lina karatasi ya dukani haijabanduliwa. Akaombewa dua ndefu. Tukamchagua, na mie nimo. Pampu ya kisima cha msikiti huohuo ilikuwa mbovu siku ile, na ikabaki mbovu miaka mitano. Tukisujudu kwenye zulia jipya na maji ya udhu tukichota kwa ndoo kwa jirani. Ya skuli sikwambii.

Rai yangu ni kwamba mtu apimwe kwa amana. Katika Suratul Qasas yule binti anamwambia baba yake kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu, mwaminifu. Nabii Yusuf alipoomba ghala za Misri alijieleza kwa mambo mawili, kulinda na kujua. Angeweza kusema baba yangu Yaaqub, babu yangu Is-haka. Hakusema. Na mfalme aliyempa kazi hakuwa wa dini yake.

Nipingeni.

Wa Micheweni

Waalaykumu salaam Maalim. Umesema vizuri lakini umeruka shimo. Huo uaminifu mtu anautoa wapi kama si kwenye dini? Anayemuogopa mkaguzi wa hesabu husubiri mkaguzi apande boti. Anayemuogopa Mola hana pa kusubiri. Aliyekughilibu kwa zulia hakuzidiwa na dini, alipungukiwa nayo. Kosa ni lenu mlioangalia zulia.

Wa Michenzani

Kaka, hiyo iliyopungua na iliyozidi unaipima kwa pishi gani? Alama ya sijda kipajini? Wapo wenye sijda nyeusi kama sahani ya mkaa na wanadaiwa na kila duka Darajani.

Halafu tusijidanganye na ile karatasi ya Muungano. Watu wanahesabu: Nyerere Mkristo, Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkristo, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkristo. Wanaiita zamu. Nionesheni ibara. Ya 47 ya Katiba ya Muungano inadai Rais na Makamu watoke pande mbili za Muungano, dini haikutajwa. Kuanzia 2005 hadi 2015 Kikwete alikuwa na makamu Dk. Shein kisha Dk. Bilal, Waislamu watupu juu, na sikuona bei ya mchele kushuka kwa ajili hiyo.

Na nani anakumbuka OIC, ile jumuiya ya nchi za Kiislamu? Zanzibar ilijiunga 1992, ikajitoa 1993. Rais wa Zanzibar alikuwa Dk. Salmin, wa Muungano Mzee Mwinyi, ambaye naye alishakuwa Rais wa Zanzibar kabla yake. Waislamu wote wawili. Tuliingia na tukatoka, dini za marais zikiwa zilezile. Kilichoamua ni Katiba ya Muungano na siasa za Dodoma.

Bibi wa Chake

Wanangu, ama mmesahau ama hamkuwapo. Baada ya uchaguzi wa 1995 huku kwetu watu walikuwa hawazikani. Msikiti wa CCM wanaotawala, msikiti wa CUF wa upinzani. Mtu anapita msikiti ulio mlangoni kwake, anakwenda kusali wa mbali kwa sababu imamu wa hapa si wa chama chake. Dukani huuziwi chumvi. Nilikwenda arusi moja, sufuria ya pilau imepikwa ya watu mia mbili, tukala hatufiki thelathini, siku ya pili wakawapa kuku. Kibla kimoja hicho, Mtume mmoja.

Na kilichotupoza hakikuwa hotuba ya mtu yeyote. Rais Amani Karume na Maalim Seif wa CUF, Mungu amrehemu, walikaa wakazungumza, Novemba 2009. Tarehe 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 tukasema ndiyo. Sasa nyie mnaniambia dini ya mgombea. Dini tulikuwa nayo wakati ule pia.

Wa Micheweni

Bibi, shikamoo. Hilo sina jawabu lake.

Mwanafunzi, Tunguu

Naomba niongeze la nje. Senegal ni nchi ya Waislamu kwa zaidi ya asilimia 90, na Rais wake wa kwanza, Léopold Sédar Senghor, alikuwa Mkatoliki. Alikaa miaka 20, 1960 mpaka 1980, akiungwa mkono na masheikh wakubwa wa tarika ya Murid. Waziri Mkuu wake waliyegombana 1962, Mamadou Dia, ndiye aliyekuwa Mwislamu, na ndiye aliyefungwa. Malawi ni kinyume chake: Wakristo ndio wengi, wakamchagua Bakili Muluzi, Mwislamu, 1994, wakamrudisha 1999.

Hata wakati wa Mtume (SAW), Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka walielekezwa Habasha (Uhabeshi) kwa mfalme Najashi, Mkristo, kwa kuwa kwake hadhulumiwi mtu.

Wa Micheweni

Mdogo wangu, Najashi alisilimu, na Mtume akamsalia aliposikia kafa. Usikate hadithi katikati.

Na Senegal si hapa. Hapa Rais ndiye anayemteua Mufti, ipo sheria tangu 2001. Ndiye anayemteua Kadhi Mkuu. Talaka ya dada yako, mirathi ya baba yako, wakfu wa babu yako, yote yana mkono wake kwa mbali. Utamwachia asiyejua tofauti ya fasikhi (ndoa kuvunjwa na kadhi) na khului (mke kujikomboa kwa kurudisha mahari)? Hii si chuki, ni kazi yenyewe ilivyo.

Mwanafunzi, Tunguu

Nakubali alisilimu. Lakini walipopelekwa kwake alikuwa bado, na sifa aliyotajiwa ilikuwa uadilifu.

La Kadhi ni zito, ila Kenya wamelivuka. Kadhi Mkuu wao anateuliwa na tume inayoongozwa na Jaji Mkuu, na Jaji Mkuu halazimiki kuwa Mwislamu. Mombasa wanaozana na kurithiana kama sisi. Asiyejua fasikhi ataletewa majina na wanaojua. Kwani marais wetu wote walisoma fiqhi? Wengine ni madaktari.

Mkaazi wa Mkunazini

Nimesoma kimya tangu jana. Mie Mkristo, nimezaliwa hapahapa Unguja, baba yangu hapahapa, babu yangu hapahapa. Nikifungua dirisha nasikia adhana upande huu na kengele upande ule, na mpaka leo sijui kipi kimenilea zaidi.

Maisha yangu yote karatasi ya Rais wa Zanzibar nimeitia alama kwa Mwislamu. Sikuwahi kuona shida. Mama alipofariki, diwani wetu alikaa kwenye ngazi za kanisa ibada nzima, kavua kofia kaipakata, kisha akashika jeneza mpaka garini. Sikumuuliza anaitakidi nini.

Ibara ya 26 ya Katiba ya Zanzibar inamtaka Rais awe Mzanzibari wa kuzaliwa, ametimiza miaka 40, na sifa za kuwa Mwakilishi, na chama kimsimamishe. Ninazo zote ila chama. Sasa Maalim, wewe ndiye uliyeanzisha. Umesema amana. Tuseme unanijua, umeniazima pesa nimekurudishia, umeniachia funguo za nyumba ukakuta kila kitu mahali pake. Jina langu liko kwenye ile karatasi ya kwanza, pembeni yangu yupo yule wa mazulia. Utanipa?

Wa Michenzani

Maalim yuko wapi? Au anasahihisha madaftari?

Mwalimu, Wete

Nipo. Nimeandika jawabu mara mbili nikalifuta.

Kaka yangu, karatasi ya Muungano nimeshampa Mkristo na usingizi haukunipotea. Udiwani nakupa leo. Uwakilishi nakupa, na nitapita nyumba kwa nyumba kukuombea. Urais wa Zanzibar mkono utasita. Sitaki kukudanganya mbele ya watu. Na kusita kwangu si kwa ajili ya Mufti wala Kadhi, hilo dogo wa Tunguu kalimaliza. Ni kwa ajili ya yule mzee barazani na nitakavyomtazama usoni Isha ikisha. Kura ni siri, najua. Nakuambia tu mkono wangu ulivyo.

Wa Micheweni

Angalau mie nilisema tangu mwanzo.

Mwalimu, Wete

Kweli. Nakupa hiyo.

Bibi wa Chake

Maalim, na ile pampu walitengeneza?

Mwalimu, Wete

Bado, bibi. Mazulia yenyewe sasa yanachanika.

Mkaazi wa Mkunazini

Basi mie nahamia Wete, nianze na udiwani. Nasikia kuna pampu.