Mdudu niliyemuua Machi amefufuka Juni, na lawama naangushiwa mimi!

Wadau, niko Kisumu, saa tano usiku, chai imepoa, na bado nahangaika na huyo mdudu, yaani kosa la programu nililolirekebisha kwa mikono yangu mwezi wa tatu.

Mfumo ni wa sacco moja huku. Seva inasoma saa za UTC (saa za kimataifa), sisi tuko saa tatu mbele. Kuna mama muuza samaki anayeamka saa saba usiku kuwahi ufuko wa Dunga, na kabla hajatoka hutuma mchango kwa simu. Akituma tarehe mosi Juni, mfumo unamwandikia 31 Mei. Mchango wa Juni unaingia Mei, kisha anapigwa faini ya Juni! Machi alilalamika, nikaandika mistari minne ya msimbo kwenye release/2.3 (tawi, yaani nakala ya msimbo, la toleo la wakati huo), ikaenda hewani usiku huohuo. Mama akanyamaza.

Marekebisho yalipaswa pia kuingia develop, tawi ambalo matoleo yajayo hutoka. Bosi wa timu akasema mwenyewe, "Hiyo niachie, nitaiunganisha na develop kesho." Kesho ya nani? Mwisho wa Mei tukakata release/2.4 kutoka develop, tukaipeleka kwa mteja, na tarehe mosi mama akapiga simu. Nilipiga git branch --contains, amri ya Git (chombo cha kutunza matoleo ya msimbo) inayoonyesha matawi yenye komiti fulani, kwa ile komiti, yaani badiliko langu la Machi, likatoka tawi moja tu: release/2.3. Yaani dawa ilibaki kwenye chupa ya zamani.

Kinachoniuma zaidi: ukutani tumebandika mchoro wa Vincent Driessen wa 2010 wa jinsi matawi ya Git yanavyotoka na kuunganishwa, na mshale wa kurudi develop unaonekana hata ukiwa mlangoni. Tumeufanya pambo kama kalenda ya duka la mbolea. Na huyohuyo Driessen mwaka 2020 aliongeza maelezo kwamba timu inayotoa programu ya wavuti mfululizo itafute utaratibu mwepesi zaidi. Nilipolisema hilo mkutanoni niliambiwa najifanya mjuaji.

Sawa, nami nina kosa: sikumkumbusha bosi, wala sikuandika jaribio la kupiga kelele kosa likirudi. Lakini kuniandikia mbele ya mteja eti "msanidi alisahau"? Hapana, hapo mmenionea.

Nyinyi mnaorekebisha develop kwanza, halafu mnaichuma ile komiti kwa cherry-pick (amri ya kunakili komiti moja hadi tawi jingine) kuipeleka kwenye toleo, inashika hata mteja akiwa anapiga kelele usiku? Nipeni uzoefu. Atakayeniambia niitishe mkutano mwingine apite tu.