Daktari ananifokea mbele ya kina mama, sasa naogopa hata kumpigia simu. Niombe uhamisho?

Sista_wa_Usiku: Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi, mwaka wa tatu niko wodi ya watoto wachanga mahututi. Usiku tunakuwa wawili, watoto 19. Kazi naipenda, shida ni daktari mmoja. Juzi kati njiti wa kilo moja na nusu alikuwa anasahau kupumua, nikampigia. Akataja kipimo cha aminofilini, dawa ya kumsaidia mtoto apumue, simu inakatakata, nikasikia "...tano". Nikauliza ngapi? "Hivi wewe ulisomea wapi?" Nikafungua mwongozo, nikapiga hesabu na mwenzangu: miligramu 15. Mtoto yuko salama, ila asubuhi kwenye raundi nilisemwa mbele ya kina mama wote. Tangu hapo napata tumbo la kuhara kila nikikaribia zamu. Usiku wa jana mtoto mwingine alibadilika rangi, nikapoteza dakika kadhaa najishauri nimpigie au nisimpigie. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Mkunga Mstaafu: Pole mwanangu. Usiulize "ngapi", rudia ulichosikia: "Dokta, narudia, moja-tano, kumi na tano, ni sawa?" Kwenye simu mbovu "kumi na" humezwa, inabaki tano. Sisi tulishazoea kutaja tarakimu moja moja. Halafu anayerudia haonekani hajui, anaonekana makini.

Dokta Bila Koti: Kukutukana hana haki, hilo tuliweke pembeni. Ila na sisi tunapigiwa saa nane usiku, "Dokta njoo, mtoto hali mbaya", basi. Anza na kinachotokea sasa hivi, kisha historia kwa ufupi, unaonaje wewe, unataka nini kwangu. Utaratibu huo ulianzia kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani ndipo ukaingia hospitali. Na mtoto akibadilika rangi usijishauri: msugue mgongo, asiporudi shika ambu (ule mfuko wa kumpulizia hewa), simu apige mwenzako.

Chuma_Kimoto: Wauguzi wawili watoto 19, halafu mnafundishana namna ya kuongea? Hapo dawa ni ajira.

Sista_wa_Usiku: @Chuma_Kimoto kweli kabisa, lakini ajira haziji leo usiku.

Mama Njiti: Mimi nililala wodi kama hiyo wiki sita. Sista akifokewa, sisi tunanywea, hata kuuliza maziwa ya kwenye mpira wa kulishia yamepita kiasi gani unaogopa. Kuna mmoja alikuwa ananiambia tu, "leo kaongeza gramu 20", siku yangu nzima inakwisha vizuri. Usihame dada.

Mkunga Mstaafu: Hilo la kusemwa hadharani mpelekee inchaji, msimamizi wa wodi, mkae watatu na huyo daktari, faragha. Usiende na hasira, nenda na zile dakika ulizopoteza. Hizo hata yeye zitamshtua.

Sista_wa_Usiku: MREJESHO. Kikao na inchaji ni Alhamisi. Ila jana zamu ilikuwa ya daktari yule yule, nikampigia saa tisa usiku. Nikaeleza kama Dokta Bila Koti alivyosema, nikarudia: moja-mbili, kumi na mbili. Akanyamaza kidogo. "Ndiyo, moja-mbili." Akakata.