Mjadala: Maunteni ni baiskeli, ni mlima, au ni njia?

Wakuu, salaam. Naleta jambo lililotugawa kwenye kundi letu la waendesha baiskeli hapa Dar tangu masika iliyopita: maana ya neno maunteni, tulilolitoa kwenye "mountain bike" ya Kiingereza. Naomba tulijadili kwa uzito, kwa sababu kuna mtu ameumia.

Lilitoka tangazo la safari ya Jumamosi: "Maunteni, kilomita 35, Pugu, wote mnakaribishwa." Dada mmoja, mgeni kwetu, akaja na baiskeli yake ya mtumba kutoka Japani, tairi nyembamba, breki za mpira zinazobana rimu. Alikuwa ameshatoka nasi mara tatu: mara mbili Kigamboni kuelekea Kimbiji, mara moja vumbi la Mabwepande. Zote tulizitangaza kwa neno hilohilo, maunteni. Kwa hiyo alikuja akijua anakwenda kwenye kitu alichokwisha kukifanya.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Anayeifahamu Pugu ataukumbuka ule udongo mweupe, kaolini, ukilowa unateleza kama sabuni. Tukaingia kwenye kijia kinachoshuka msituni, mizizi imekatiza njia. Akafanya kile alichozoea kufanya barabarani: alikaa kitini, akabana breki ya mbele. Rimu ilikuwa imelowa, breki haikushika. Akabana zaidi. Halafu ikashika ghafla, naye akarushwa juu ya usukani. Mtulinga ulivunjika. Nilikuwa nyuma yake, katikati yetu mtu mmoja tu, na ule mlio niliusikia.

Tangu siku ile ubishi haujaisha. Wapo wanaosema alikosea yeye kuja na baiskeli isiyofaa. Mimi nasema tulikosea sisi, tuliotumia neno moja kwa vitu viwili visivyofanana. Ndiyo nauliza: maunteni ni nini hasa?

Fundi wangu wa Buguruni, mzee ninayemheshimu sana, jibu lake ni fupi. "Mwanangu, maunteni si hii hapa?" Anaonyesha baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, tairi za meno, gia 21. Kwake chombo ndicho kinachotoa jina. Shikamoo yangu anaipata kila siku, ila kwa hili sikubaliani naye, na sababu yangu naitoa kwenye historia ya mchezo wenyewe.

Tarehe 21 Oktoba 1976, kwenye vilima vya Marin County, California, vijana walianza kushindana kuteremka njia waliyokuja kuiita Repack. Ni kama mita 400 za mteremko ndani ya kilomita tatu na kitu. Baiskeli zao zilikuwa mitumba mizito, nyingine zimetengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na breki kwa wengi ilikuwa ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Mtu akifika chini, grisi ya ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, imeshaungua na kutoka moshi, inabidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Jina la njia lilitokana na kazi hiyo ya kujaza upya. Joe Breeze alikuja kuunda fremu mahususi kwa njia zile mwaka 1977. Gary Fisher na Charlie Kelly walifungua biashara yao waliyoiita MountainBikes mwaka 1979. Hesabu miaka. Mchezo ulikuwepo kabla ya baiskeli yake na kabla ya jina lake. Njia ilizaa baiskeli. Basi baiskeli haiwezi kurudi leo na kutuambia njia ipi ni yake.

Tena nenda Kariakoo ukaangalie hizo za shokapu mbili za bei nafuu zinazoning'inia madukani. Ukikanyaga tu kwenye lami baiskeli inachuchumaa, nguvu yako nusu inaishia kwenye springi. Kijana anajibana miezi, anainunua kwa sababu ameambiwa ndiyo maunteni, halafu njia yake yote ni Mbezi hadi Mwenge.

Jibu la pili lilitoka kwa kaka mmoja aliyekulia Moshi. Anasema Dar hatuna maunteni, tuna vumbi. Anayetaka maunteni apande basi aende Lushoto au Uluguru. Hoja yake ina heshima yake, maana aliyeteremka milima ya Usambara hatishwi na Pugu. Lakini mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Atlanta 1996, dhahabu ya wanaume ilichukuliwa na Bart Brentjens wa Uholanzi, nchi ambayo kilima chake kirefu kuliko vyote kule Ulaya ni Vaalserberg, mita 322. Paris 2024 mashindano yalifanyika kwenye kilima cha Élancourt, mita 231 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya kilima hicho imelundikwa na binadamu. Kama hapo dhahabu ya Olimpiki inagawiwa, basi kumwambia mtu wa Gongo la Mboto kwamba Pugu haihesabiki kwa sababu ni fupi, hapana.

Jibu la tatu ndilo linalotawala kundi letu na ndilo lililotuponza: popote nje ya lami ni maunteni. Ni rahisi kulisema, na linamfanya kila mtu ajisikie amekaribishwa. Shida ni kwamba duniani kuna michezo kadhaa nje ya lami na kila mmoja una mambo yake. Kuna saiklokrosi, wenye ubingwa wa dunia tangu 1950. Mashindano ni ya saa moja hivi, tairi mwisho milimita 33, na kwenye matope au ngazi unashuka unaibeba baiskeli begani unakimbia. Kuna mbio za changarawe: barabara za vumbi, pana, ndefu sana, usukani uliopinda kama wa baiskeli za mbio. Kule Kansas wamekuwa wakishindana hivyo tangu 2006, mbio kuu ikiwa kama kilomita 320, na mwaka 2022 chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kikaanzisha ubingwa wa changarawe, Italia. Hakuna anayeidharau changarawe. Kilomita 120 za vumbi na jua la saa saba mchana zinaweza kukumaliza kuliko saa mbili za Pugu. Safari zetu za Mabwepande ni changarawe tupu, na nzuri sana.

Msimamo wangu mimi ni huu. Kinachoamua ni kile ambacho njia inakudai. Kwenye vumbi la Mabwepande naweza kwenda kilomita kumi sambamba na mwenzangu tukibishana Simba na Yanga. Kwenye mteremko wa Pugu maneno yanakatika yenyewe, hakuna aliyewaamrisha watu wanyamaze. Unainuka kitini, kiuno kinarudi nyuma, pedali zinakaa sawa ili moja isigonge mzizi, kidole kimoja kwenye kila breki, macho mita nne mbele. Kila mita unaamua: huu mzizi naupita juu au naukwepa, hapa naachia au nashika. Njia ikikudai hivyo kwa sehemu kubwa ya safari, ni maunteni. Isipokudai, ni kitu kingine.

Upana wa njia siupimi. Wapo wenzetu wanaosema lazima kiwe kijia cha mtu mmoja, na hoja hiyo inaivua Repack yenyewe uanachama, maana ile ni barabara ya vumbi iliyochongwa kwa ajili ya magari ya zimamoto. Ukali wa mteremko na jiwe lililolegea vinatosha kukudai.

Na kwa kipimo changu kuna mtu mwingine anaingia, ambaye hatumtaji kamwe kwenye mijadala hii. Anayeendesha maeneo ya Kisarawe alfajiri amekutana naye: Phoenix nyeusi, gia hakuna, magunia mawili ya mkaa yamelazwa nyuma yamefungwa kwa mpira wa tyubu, mwenyewe amevaa kandambili. Nilimfuata mmoja kwenye mteremko. Aliachia pale palipokuwa pakavu, akashusha mguu wa kushoto ukiburuza ardhini kabla ya kona, akaegemeza mwili wote upande wa juu, magunia yakayumba na yeye akayasubiri yatulie ndipo akaachia tena. Habari ya mkaa na msitu ni mjadala mwingine, na ni mzito. Ila tukizungumzia kuendesha baiskeli, yule baba alikuwa akifanya maunteni kuliko wengi wetu tuliovaa kofia ngumu na miwani. Kama maana yetu ya neno inamtoa nje yeye na kumwingiza mtu mwenye shokapu mbili anayezunguka Masaki, maana hiyo ina kasoro.

Najua kuna watakaoniambia, "Kaka, ni majina tu, wewe endesha." Watamtaja Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa: bingwa wa dunia wa barabarani 2014, wa saiklokrosi 2015, wa changarawe 2022, dhahabu ya Olimpiki ya maunteni Paris 2024. Mtu mmoja, vyote kaviweza, mipaka ya nini? Mimi namtaja mwanamke huyohuyo kwa upande wangu. Kila alikokwenda alijua kabla anakwenda kwenye nini, akachukua baiskeli yake, tairi zake, akajinoa kwa kile kinachomsubiri. Dada yetu wa Pugu hakupewa nafasi hiyo. Jina lingekuwa limekaa sawa, angeuliza, angeazima baiskeli ya breki za disiki, au angesema wiki hii sendi.

Ninachopendekeza kwa kundi letu na kwa wengine wanaotangaza safari Dar: tuache kutumia maunteni kwa kila kitu. Safari ya barabara pana isiyo na lami tuite safari ya vumbi. Safari ya kudai mwili na akili kama nilivyoeleza, ndiyo tuite maunteni, na tangazo liseme wazi udongo ukoje, kuna sehemu za kushuka na kusukuma au hakuna, na mvua ikinyesha usiku tunaahirisha au tunakwenda. Kuna nchi njia zake zimewekewa alama za rangi, kijani kwa wanaoanza, buluu kwa wa kati, nyeusi kwa waliobobea. Pugu hatujafika huko, lakini sentensi mbili zaidi kwenye tangazo hazina gharama.

Dada anaendelea vizuri, mkono umeshatoka kwenye kitanzi na ameniambia anataka kurudi Pugu kiangazi. Nimemwahidi kumtafutia baiskeli.

Kuna mahali pamoja nimekwama, na hapa nataka msaada wenu wa kweli, hasa nyie wa Kigamboni. Mchanga. Ule mchanga mzito wa pwani hauna mteremko, hauna mzizi wala jiwe, lakini maneno yanakatika vilevile. Unapunguza upepo kwenye tairi, unashika usukani bila kuubana, gurudumu la mbele linataka kuzama kila ukikosa kukanyaga, na ukigeuza ghafla umelala. Kwa kipimo changu mwenyewe, unanidai. Wenzetu wengine wana baiskeli za tairi nene za inchi nne hivi kwa ajili ya mchanga na theluji, nao wamezipa jina lake peke yake. Sisi hapa mchanga tuuweke upande wa vumbi, upande wa maunteni, au una jina lake ambalo watu wa pwani mnalo tayari na mimi wa Ukonga silijui?